Kumi na Nne ya Nani

Kwa miaka mitatu mfululizo Bi Thuwaiba alipika pilau ya Idi mara mbili. Siku ya kwanza alimpikia kaka yake, Mzee Haidari. Siku ya pili alimpikia mwanawe, Mwadini. Baina ya siku hizo mbili alisugua masufuria yale yale huku akinung'unika peke yake jikoni kwake Alum Rock, mpaka jirani wa ukuta wa pili akaamini kwamba Wazanzibari wana sikukuu moja ndefu yenye huzuni katikati.

Ugomvi ulikuwa wa mwezi. Idi haiji mpaka mwezi uandame, na katika anga la Birmingham, lenye mawingu kama blanketi la hospitali, mwezi mwandamo hauonekani hata kwa kuombewa. Kwa hiyo kila mtu ana njia yake ya kuujua. Mzee Haidari, mwenyekiti wa jumuiya ya Wazanzibari wa mji huu tangu siku ulipopatikana ukumbi wa kuswalia, alikuwa akimpigia simu binamu yake Amour, aliyeko Unguja. Amour akisema umeonekana, basi umeonekana, watu wapige pasi kanzu zao. Mwadini, anayesomesha fizikia katika sekondari moja ya upande wa kusini wa mji, alifuata hesabu za wataalamu wa falaki.

Miaka mitatu nyuma hesabu zilisema kwamba jioni ile mwezi utazama kabla ya jua, na kwamba hata mtu apande juu ya paa la dunia hatauona. Amour akasema kauona. Mwadini akasimama ukumbini, mbele ya watu wazima na mbele ya wake zao, akasema:

"Mjomba, wewe hufuati mwezi. Unafuata simu."

Watu waliinamisha vichwa. Mzee Haidari alisubiri siku ya pili yake, ambapo Mwadini na wenzake walikuja kuswali Idi yao kwa hesabu yao, wakakuta ukumbi umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko kwake anakunywa chai. Vijana wa watu wakaswali kwenye maegesho ya magari, pembeni ya mapipa ya taka, manyunyu yakiwarowesha mpaka kwenye soksi. Tangu siku ile mjomba na mpwa hawakupeana hata salamu.

Kilichomuuma Bi Thuwaiba zaidi ni kwamba Mwadini alilelewa na Haidari. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na Haidari, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Longbridge, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kusoma Alhamdu. Na kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia, akitoka kazini humchukua yule mtoto wakapanda vilima vya Lickey, baridi inawatafuna masikio, kuutafuta mwezi. Mtoto akisema, "Nauona," Haidari humwambia: nionyeshe, wapi? Usiseme umeona kama hujaona. Hata mimi nikikwambia nimeona, niulize wapi. Leo kiwanda hakipo. Pale pamejengwa maduka na nyumba, na katika moja ya nyumba hizo, kama kwa mzaha wa Mungu, ndimo anamokaa Mwadini na mkewe.

Bi Thuwaiba alikuwa amekwishajaribu kila dawa. Alilia, akanuna, akatuma wajumbe, akatishia kuhamia kwa shoga yake Leicester. Hakuna kilichofaa. Alikuwa na miaka sitini na kitu na presha isiyoshikika, na jambo moja tu alilitaka kabla hajaitwa: kuwaona watu wake hawa wawili wanakula katika sinia moja.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi mbili, darasa lake la mazungumzo ya Kiingereza lilipelekwa kutembezwa katika nyumba moja ya kale huko Handsworth. Bi Thuwaiba alikwenda kwa sababu waliambiwa kuna chai. Aliyewapokea ni mama mmoja wa Kisikh aitwaye Hardeep, mwenye msuko mrefu wa mvi na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto wa shule. Akawaingiza katika chumba chenye meza ndefu, akawaambia kwamba zaidi ya miaka mia mbili iliyopita hapa walikuwa wakija kula chakula marafiki fulani: mwenye kiwanda, fundi wa mashine za mvuke, daktari, mfinyanzi, mhubiri mmoja aliyependa kuchunguza hewa na moto. Walikutana kila mwezi, usiku ulio karibu na mwezi kumi na nne, kwa sababu njia zilikuwa na giza na wakitaka mwangaza wa kurudia makwao.

Bi Thuwaiba akakaa sawasawa kwenye kiti.

Hardeep akaendelea. Watu hawa, alisema, hawakuwa na dini moja wala siasa moja, na baadhi yao hawakukubaliana juu ya lolote isipokuwa nyama ya kuchoma. Lakini walishika desturi kwamba jambo halisimami kwa ukubwa wa aliyelisema, linasimama kwa ushahidi wake, na kwamba mtu akikupinga mezani bado ni mgeni wako. Wengine kama wao walikuwepo katika miji mingine na nchi nyingine, wakiuliza maswali ambayo zamani hayakuulizwa: kwa nini mfalme ni mfalme, kwa nini mtu aadhibiwe kwa namna anavyosali, kwa nini binadamu auzwe sokoni. Maswali hayo yalipotoka kwenye meza za watu wenye nafasi yakaingia barabarani. Mji huu wakati huo haukuwa na mbunge hata mmoja. Ilibidi watu kwa maelfu, mafundi na wapiga nyundo, wasimame uwanjani kuudai uwakilishi wao. Na haki haikuja siku moja. Wanawake walingoja zaidi, na walioitwa watumwa walingoja kwa uchungu zaidi.

Bi Thuwaiba hakuwa mtu wa kumezeshwa kitu bila kutafuna. Aliinua mkono akauliza, kwa Kiingereza chake kilichonyooka kuliko alivyojidhania, ile chai yao ilitiwa sukari ya nani. Hardeep akamtazama kwa furaha. Akakiri kwamba ni swali la haki: wamo waliopigana biashara ya watumwa ikomeshwe, na zimo mashine zilizotoka katika viwanda vyao zikapelekwa kusagia miwa kwenye mashamba ya watumwa. Bi Thuwaiba akatikisa kichwa. Alizifikiria karafuu za kwao, na mikono iliyozichuma zamani, na jinsi watu wa ukoo wake wasivyopenda kuizungumza habari hiyo. Akaona kwamba hata hao wa mezani walikuwa watu tu, wenye akili nyingi na uchafu wao, na hilo halikumpunguzia kuwapenda.

Halafu Hardeep akasimulia juu ya yule mhubiri. Kwa sababu ya dini yake na siasa zake, kundi la watu wa mji huu huu lilikwenda nyumbani kwake, likateketeza nyumba, vitabu na vyombo vyake vyote vya uchunguzi. Yeye na mkewe walinusurika. Mwishowe akahama nchi. Na mji uliomchomea nyumba, miaka mingi baadaye ukamsimamishia sanamu.

Ndani ya basi, wenzake walisinzia. Bi Thuwaiba alitazama dirishani na akajikuta anashukuru. Kwao Unguja alikulia katika nyumba ambamo siasa ilisemwa kwa kunong'ona, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa ili jirani asisikie. Hapa, kila uchaguzi, yeye huvaa buibui lake akaingia katika shule ya jirani, akashika penseli iliyofungwa kamba, akatia alama anapotaka, akatoka, na hakuna anayemfuata nyuma. Husali anavyosali. Mwanawe amesoma mpaka akamkosoa mkubwa mbele za watu. Alikuwa akivihesabu vitu hivi kuwa ni mvua, vinashuka vyenyewe tu. Kumbe kuna waliovitolea nyumba zao. Aliwaombea, bila ya kujua kama inaruhusiwa, kisha akaona kwamba Mungu ndiye anayejua anuani zao.

Na papo hapo akapata wazo. Mwezi mwandamo ni wa kugombaniwa, lakini mwezi kumi na nne, ukiwa umejaa kama sahani, nani ataugombania? Tena tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano ndizo siku nyeupe za saumu ya sunna, ambazo kaka yake na mwanawe wote wawili hawaachi kuzifunga. Alipofika nyumbani hata viatu hakuvua. Alimpigia Haidari, akamwambia aje afuturu kwake siku ya kumi na nne ya mwezi huu wa Mfungo Mosi, na kwamba Mwadini atakuwepo. Haidari akakohoa, akasema ataangalia. Akampigia Mwadini, akamwambia maneno yale yale. Mwadini akasema inshallah, kwa ile sauti ambayo mama hujua kwamba haina ndiyo wala hapana.

Kosa lake alilijua kesho yake dukani kwa Sagal. Sagal ni Msomali aliyekulia Nairobi, ana duka la vyakula pale Alum Rock Road, na hakuna linalompita. Bi Thuwaiba alikuwa amekwishajaza kapu nazi, tambi na tende, akamweleza mpango wake wote kwa fahari.

"Kumi na nne gani, Mama Mwadini?" Sagal akauliza, mkono kwenye mizani. "Si nyinyi kwa hiyo family mko na mbili?"

Bi Thuwaiba akabaki na nazi mkononi. Haidari alianza mwezi siku moja kabla ya Mwadini. Kumi na nne ya Haidari ilikuwa Jumatano. Ya Mwadini, Alhamisi. Alikuwa amewaita watu wawili siku mbili mbalimbali, na kila mmoja atakuja aone mwenzake hakuja, aseme: unaona? Na wala hakuweza kupiga simu kurekebisha, maana akitaja Jumatano amemfuata Haidari, na akitaja Alhamisi amemfuata Mwadini, na miaka yote hii amelinda kiti chake cha katikati kwa jasho. Sagal alimwongezea fungu la majani ya kotmiri bure kwa huruma.

Basi Jumatano alipika, akimngojea kaka yake. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, tambi za kukaanga, mandazi. Jua lilipokaribia kuchwa kengele ya mlango ikalia. Alifungua. Alikuwa Mwadini.

"Shikamoo Mama. Mjomba bado? Traffic ilikuwa mbaya, nikadhani nimechelewa."

"Leo kwako si kumi na tatu?"

"Kwangu, yes. Lakini kwa Mjomba ni kumi na nne." Alivua koti akalitundika bila ya kumtazama. "Nikija kwa tarehe yangu nitakaa peke yangu hapa na wewe. Nikasema acha nihesabu kwa hesabu yake."

Bi Thuwaiba aligeuka haraka akaenda jikoni, akajifanya anatafuta mwiko. Wakafungua kwa tende. Wakaswali. Wakangoja mpaka mafuta ya samaki yakaganda. Haidari hakuja. Mwadini akala kidogo, akaosha vyombo ingawa alikatazwa, na wakati wa kuaga akasema tu kwamba amejaribu. Alisema hivyo kama mtu aliyekwenda kuomba samahani na kukuta kufuli lile lile. Mama mtu alilala na hasira juu ya kaka yake zilizomkaa kifuani kama mandazi mabichi. Alikata shauri asimpigie simu. Atamwambia yake mbele ya jeneza la mmoja wao, la yeyote litakalotangulia.

Alhamisi hakupika. Alitoa viporo kwenye friji, akavitia moto kwa ukali. Jua linakuchwa, kengele ikalia. Alikuwa Mzee Haidari, amevaa kofia yake ya viua vya kudarizi, ile ya Idi, na mkononi ameshika kikapu kidogo cha halua.

"Mwadini hajafika?" akauliza.

"Wewe leo kwako si kumi na tano?"

"Kwangu ni kumi na tano." Mzee alionekana kama mwanafunzi anayeitwa ubaoni. "Lakini kwa yule bwana wa hesabu leo ndiyo kumi na nne. Au nimekosea? Nimeijumlisha mara mbili."

Bi Thuwaiba akakaa pale pale kwenye ngazi. Kwanza alicheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, kisha vyote viwili kwa pamoja, na kaka yake akasimama mlangoni na halua yake, hajui amwitie daktari au ampe tende. Alipoweza kusema, hakusema na Haidari. Alimpigia mwanawe, akamwambia mjomba wake yuko hapa. Mwadini akamwomba asimtanie. Bi Thuwaiba akampa Haidari simu.

Haidari aliishika simu kwa mikono miwili.

"Jana ulikuja?" akauliza.

"Nilikuja, Mjomba."

"Kwa mwezi wangu?"

"Kwa mwezi wako."

Mzee akafumba macho.

"Basi njoo na leo, mwanangu," akasema Haidari. "Mimi nimekuja kwa wako."

Kutoka Longbridge mpaka Alum Rock si karibu. Haidari alifungua kwa tende na maji, akaswali, na sinia akakataa lisiguswe. Katika kungoja, dada yake akamhadithia habari za ile meza ya Handsworth na mhubiri aliyechomewa nyumba. Haidari alisikiliza mpaka mwisho, akichezea tasbihi.

"Mimi sikumchomea mtu nyumba," alisema hatimaye.

"Hukumchomea. Ulimfungia mlango tu."

Mwadini alipoingia na kumwinamia, "Shikamoo Mjomba," Haidari aliitika marahaba na hakuuachia mkono wake. Mwadini akasema kwamba alimvunjia mjomba wake heshima mbele ya watu, na kwamba alichosema alikiamini, ila pale hapakuwa mahali pake. Haidari akasema kwamba yeye aliulizwa swali akajibu kwa kufuli, na kufuli si jibu.

"Na wewe ndiye uliyenifundisha, Mjomba," Mwadini akasema. "Kule Lickey. Ulisema hata wewe nikuulize, wapi. Kazi ninayofanya, watoto ninaowasomesha, yote yameanzia pale na baridi ile. Sijawahi kukwambia asante. Asante."

"Nilisema," Haidari akakubali, akikaa mkekani na kulivuta sinia. "Sikujua kama utanifuata na swali mpaka ukumbini."

Wakacheka, wakala. Usidhani walipatana juu ya mwezi. Walibishana tangu samaki mpaka chai. Mwadini akachukua chungwa na ndimu, akaonyesha kwa nini jioni ile ya ugomvi mwezi haukuweza kuonekana, na Haidari akamrudisha nyuma mara kadhaa mpaka akasema, "Nimekufahamu. Sijakubali, lakini nimekufahamu." Kisha akamtaka naye aeleze kwa nini mjomba wake anamsikiliza Amour. Mwadini alifikiri. Akasema haoni kama ile simu ni ya mwezi. Mjomba ameondoka Unguja akiwa kijana, wazee wake wamezikwa kule hakuwaona, na siku ya Idi anataka asali siku moja na wanaozuru makaburi yao. Mzee alitazama ndani ya kikombe chake, akasema ndiyo, ndivyo.

Walipokuwa wakivaa viatu, Mwadini akasema atampeleka mjomba wake kwa gari. Haidari akatia mkono mfukoni akautoa ufunguo wa ukumbi, ule mkubwa wenye uzi mwekundu, ambao tangu ukumbi upatikane haujakaa katika mkono mwingine. Mwadini aliudhania ni wake, akaunyooshea mkono. Mzee akampita, akamwekea dada yake kiganjani.

"Idi ijayo ufungue siku zote mbili," alimwambia. "Mkutanoni nitalisema mwenyewe, na atakayepinga apinge, tumsikilize."

Bi Thuwaiba alisimama mlangoni akiwatazama wakiingia garini, wakiwa bado wanazozana juu ya chungwa. Mawingu yalikuwa yamefunika mji wote na mwezi kumi na nne haukuonekana upande wowote. Mwadini akawasha taa za gari. Bi Thuwaiba akasema alhamdulillahi, akafunga mlango, na ule ufunguo akautundika jikoni, kwenye msumari wa sufuria kubwa la pilau.